Injini Ikianza Kulia

Wako vijana wetu waliotuuliza, tena si mara moja, juu ya jambo ambalo kwa dhahiri yake si la darasani. Gari kuukuu la nyumbani limeanza kutoa sauti ambayo halikuwa likiitoa. Fundi wa kwanza amesema hili, fundi wa pili amesema lile, na baba yumo katika kuwaza auze mbuzi au auze gari lenyewe. Twaona swali hili lina haki ya kujibiwa katika ukurasa huu. Gari katika nyumba nyingi za kwetu si pambo. Ndilo lipelekalo watoto chuoni, mgonjwa hospitali na bidhaa sokoni, na fedha za kulitengeneza hutoka katika mfuko ule ule utoao ada ya shule na kitoweo. Mwenye gari akidanganywa juu ya injini, nyumba nzima hula khasara.

Tusemapo gari kuukuu twakusudia motokaa ya petroli ya silinda nne, ya zama za kabureta au za mwanzo wa zile zirushazo petroli kwa nozeli. Mfano wake ni Peugeot 504, iliyotoka Ufaransa mwaka 1968, au Toyota Corolla za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hadi leo zaonekana mijini kwetu. Wazee watakumbuka Peugeot 404 ilivyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na 504 ikaja kushinda mwaka 1975 na 1978. Kwa khabari hizo watu wakazoea kusema kuwa magari hayo hayafi. Hufa, kama vitu vyote, ila mara nyingi hayafi ghafula. Hulalamika kwanza, na mwenye kusikiliza huwahi. Magari ya dizeli tutayaacha leo, kwani dizeli hugonga kwa asili yake na sikio lisilozoea hupotea upesi.

Kwanza yafaa kijana ajue injini yafanyaje kazi, asije akawa kama mtu atakaye kujua ugonjwa wa moyo naye hajui moyo u wapi. Pistoni hufanya safari nne: huvuta hewa na petroli, hushindilia, husukumwa na mwako, kisha hutoa moshi. Katika safari hizo nne krankishafti, yaani mtaimbo wa chini wenye viwiko, huzunguka mara mbili, na kemshafti inayofungua valvu huzunguka mara moja tu. Hapa pana faida kubwa. Injini ikipumua taratibu kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400. Basi sauti nyepesi yenye mwendo wa nusu ya injini aghalabu yatoka juu, kwenye valvu. Na sauti nzito iendayo sawa na mzunguko wenyewe yatoka chini. Hatusemi mtu ahesabu mia nne kwa kidole. Sikio likizoea hutambua upole wa ile na haraka ya hii.

Kabla ya kufungua boneti, jibuni maswali haya, tena yaandikeni. Sauti hutoka asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya kupata moto? Huja gari likisimama, likipanda mlima, au mguu ukiondolewa kwenye petroli? Huongezeka injini ikiongezwa, au hufuata mwendo wa magurudumu? Simamisheni gari, litieni nyutro, ongezeni petroli kidogo. Ikiwa sauti haipo kabisa gari likisimama, nayo hurudi likienda, basi injini huenda haina kosa, na matengenezo yatafutwe kwenye magurudumu na ekseli. Na aulizwe kila apandaye gari hilo. Mara nyingi mama aketiye upande wa abiria huwa ameisikia sauti ile wiki mbili kabla ya dereva, naye alinyamaza kwa kudhani mwenye gari anajua.

Kisha pimeni oili. Gari lisimame mahali sawa, injini izimwe dakika chache, kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kichomolewe tena. Twalisema hili kwa sababu twajua mafundi walioanza kufungua nati kabla ya kutazama kijiti. Injini kuukuu hula oili, na oili ikipungua chini ya alama ya pili, juu kwenye valvu huanza kulia kwa kiu. Wengine hutia chujio la oili la bei ndogo ambalo ndani yake hamna kile kipande cha mpira kizuiacho oili isirudi chini usiku. Injini hiyo huwashwa asubuhi kwa makelele ya chuma kwa nukta tatu nne, kisha hunyamaza. Badilisheni chujio kwanza, ndipo mzungumze habari ya kufungua injini.

Chombo cha kusikilizia ni bisibisi ndefu. Ncha huwekwa juu ya chuma panapodhaniwa, na kishikio huegemezwa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mpira mwembamba wa maji nao hufaa, khasa kwa kutafuta hewa inayovuja. Sogezeni taratibu kutoka kifuniko cha valvu mpaka ubavuni, kutoka altaneta mpaka pampu ya maji. Mahali sauti ipigapo kwa nguvu ndipo pa kuanzia. Hapa twatoa onyo kali. Mkono wa kanzu, ncha ya kilemba, shela au ushungi hauna kazi karibu na mkanda na feni inayozunguka. Vaeni shati la mikono mifupi, na watoto wawe mbali. Na feni ya umeme katika magari mengine huanza yenyewe hata injini imezimwa, maadamu maji yangali moto.

Sauti iliyo nyingi kuliko zote, na iliyo rahisi, ni ya mkanda. Hulia kwa ukali gari likiwashwa, au taa zikiwashwa usiku, au baada ya mvua. Mkanda umelegea, au umekauka ukang'ara kama ngozi ya kiatu. Mimineni maji kidogo kwa kichupa upande wenye meno: sauti ikikatika kwa muda mfupi kisha ikarudi, huenda mkanda umechakaa au magurudumu yake hayako katika mstari mmoja, ikizidi, aghalabu umelegea. Lakini ikiwa sauti si ya mlio bali ni mngurumo, kama jiwe la kusagia, shukuni beringi ya altaneta au ya pampu ya maji. Zimeni injini, uvueni mkanda huo wa nje, washeni tena kwa muda usiofika dakika moja, kwani pampu ya maji yaweza kuwa imesimama. Mngurumo ukiondoka, injini yenyewe haina hatia. Pampu ya maji iliyoanza kuguruma isicheleweshwe, kwa sababu ikifa njiani maji huchemka na kichwa cha injini hupinda.

Sasa twafika penye kuchanganya watu. Kuna sauti ya tik-tik nyepesi, kama cherehani, itokayo juu ya injini. Mara nyingi ni valvu. Baina ya chuma kisukumacho na ncha ya valvu huachwa nafasi ndogo, ipimwayo kwa fila. Katika Peugeot 504, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza na 0.25 kwa valvu ya kutoa, na hurekebishwa kwa parafujo. Katika Corolla nyingi za kemshafti mbili hurekebishwa kwa kubadili vibati, kazi itakayo subira zaidi. Nafasi ikipanuka, injini hulia. Si vizuri, lakini haiui. Ubaya mkubwa uko kinyume chake. Wako madereva wapendao injini kimya, nao humwambia fundi abane valvu mpaka sauti iishe. Valvu ya kutoa hupoa kwa kuketi juu ya kiti chake. Ikibanwa haiketi sawasawa, huungua ukingo, na injini hupoteza nguvu. Kwa hiyo injini kuukuu iliyokuwa ikilia kidogo kisha ikanyamaza yenyewe isifurahiwe upesi. Baadhi ya injini zilizoundwa zama za petroli yenye risasi zina viti vya valvu vilivyo laini, na petroli ya risasi iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Viti hivyo huliwa polepole, valvu huzama, nafasi huzibika. Mwenye gari la namna hiyo apime nafasi kwa fila, asitegemee sikio peke yake.

Ila si kila tik-tik ni valvu, na kosa la hapa laweza kuleta msiba. Moshi ukivuja pale bomba la ekzosi linapoungana na kichwa cha injini, hutoa sauti inayofanana mno na ya valvu. Tafauti yake ni hii: huwa kubwa asubuhi injini ikiwa baridi, hupungua chuma kikipata moto na kutanuka, huzidi gari likipanda mlima, na ukisikiliza kwa mpira utasikia pumzi, si chuma. Penye uvujo huwa pana masizi meusi.

Twamjua mjane mmoja katika mtaa wetu ambaye riziki yake ni kupeleka watoto wa majirani shuleni kwa Corolla aliyoachiwa na marehemu mumewe. Gari lilianza tik-tik. Fundi mmoja, ambaye hatutamtaja, alimwambia kuwa injini imekwisha na lazima ifunguliwe yote, akamtajia fedha ambazo mama yule hakuwa nazo. Akaendelea kuliendesha vivyo hivyo, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mvua. Kilichotushtua sisi si ile sauti, bali ni maneno ya watoto. Wawili katika wao walikuja chuoni alasiri wakilalamika kuwa kila wapandapo gari lile kichwa huwauma na moyo huwachafuka, na wakishuka hupona. Tulimwendea yule mama siku ile ile, tukamwomba, “Bibi, gari hili lisipakie mtoto kesho.” Akatujibu, “Na wazee wao nitawaambia nini, Maalim?” Tukamwambia kuwa wazee tutasema nao sisi. Fundi wa pili alisikiliza kwa mpira kwa dakika tano, akaonyesha masizi, akabadili gasketi ya ekzosi na bolti mbili zilizokatika. Pia alikuta kitundu katika bati la sakafu ya nyuma, ambamo moshi ulikuwa ukipenya. Injini haikufunguliwa, na gari lile lingali likifanya kazi.

Kila nyumba na ilijue jambo hili. Katika moshi wa petroli mna hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Damu huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ishikavyo oksijeni, na kwa hivyo mtu huishiwa pumzi naye yuapumua. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida kwa watu zaidi ya mmoja katika gari moja, ni dalili ya kusimamisha gari, kuwatoa wote nje kwenye hewa, na kuwapeleka kwa tabibu. Wala gari lisiachwe likinguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kwa muda wa kunywa kahawa.

Tuje kwenye kugonga. Gari likipanda mlima na mguu ukikandamiza, husikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Hii si nati iliyolegea. Petroli inawaka kwa mshtuko ndani ya silinda, au kabla ya wakati wake, na hilo huzipiga pistoni kwa vishindo. Sababu zake ni moto uliopangwa mapema mno, injini kuchemka, masizi mengi juu ya pistoni, au petroli dhaifu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya hivi, na ughushi huo si mgeni kwetu: Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia alama maalum katika mafuta ili ughushi ujulikane, na Kenya mwaka 2018 iliongeza tozo juu ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo. Sauti ikianza baada ya kujaza tangi mahali papya, msiende tena mahali pale, na msilikandamize gari mpaka mafuta yale yaishe. Isipoondoka, fundi atazame wakati wa moto na rejeta. Kuiacha miezi na miezi hutoboa pistoni.

Kugonga kwingine huja asubuhi tu, kwa sauti iliyo butu, nako hupotea injini ikipata moto. Hiyo mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika. Injini ya namna hii yaweza kuishi miaka ikiendeshwa kwa upole dakika za mwanzo. Mwenye fedha chache aendelee nalo, apime oili kila wiki, na asikubali kutishwa.

Ipo na sauti ya mnyororo. Injini nyingine huendesha kemshafti kwa mnyororo, kama ile 504, na mnyororo ukilegea huchakacha mbele ya injini kama mtu avutaye pingu, khasa mguu ukiondolewa kwenye petroli. Huo hutoa ilani. Mkanda wa taimingi, walio nao wenye Corolla nyingi, hautoi ilani ya kutegemewa. Siku moja hukatika tu, na katika baadhi ya injini pistoni hugonga valvu papo hapo. Kwa hiyo mkanda hubadilishwa kwa hesabu, kwa Corolla nyingi za zamani kila kilometa 100,000, wala hausubiriwi kulia. Mlionunua gari mkononi mwa mtu na hamjui ulibadilishwa lini, hesabuni kuwa haujabadilishwa.

Sauti ya kuogopwa kuliko zote ni ya beringi za konrodi. Ni kugonga kwa kina, ko-ko-ko, kutokako chini ya injini. Hakupungui injini ikipata moto, bali huzidi, kwa kuwa oili imekuwa nyepesi. Hupanda pamoja na mwendo wa injini, na husikika wazi zaidi mtu anapouachia mguu polepole. Kati ya konrodi na krankishafti mna utando wa oili ambao unene wake ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Beringi ikilika, utando hupasuka, chuma hupiga chuma. Fundi akitaka kujua ni silinda ipi, huizimisha moja moja: akiondoa moto wa silinda yenye ugonjwa, kugonga hupungua, kwani mwako hausukumi tena. Kazi hii aachiwe fundi, kwa kuwa umeme wa plagi hupita volti elfu kumi, na katika magari yenye nozeli huzimishwa kwa njia nyingine isiyogusa waya huo.

Mkiisikia sauti hiyo, na khasa taa nyekundu ya oili ikiwaka, egesheni kando na zimeni injini pale pale. Si baada ya kufika nyumbani, wala si baada ya kumalizia mlima. Beringi iliyoanza kulia leo, ikisimamishwa mapema, yaweza kubadilishwa, na krankishafti ikisalimika haina haja hata ya kuchongwa. Ikiendeshwa kilometa ishirini zaidi, konrodi huweza kukatika ikatoboa ubavu wa injini, ndipo watu husema injini imenoki, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha ila kwa kununua nyingine. Gharama ya kuvutwa kwa kamba huonekana nyingi usiku ule tu.

Limebaki la kununua na kuuza. Wako wauzao gari baada ya kutia oili nzito kupita kiasi ili kugonga kusisikike kwa siku mbili tatu, na ni ada yao kulipasha injini moto kabla mnunuzi hajafika. Katika sheria yetu aibu ya kitu ijulikanayo na muuzaji yapasa ibainishwe, na mnunuzi aliyefichwa ana khiari ya kurudisha. Lakini kurudisha gari ni safari ndefu, na kuzuia ni kufupi. Mwambieni muuzaji kuwa mtakuja alfajiri na gari lisiwashwe kabla yenu. Mkifika wekeni kiganja juu ya boneti. Likiwa na vuguvugu, ulizeni kwa nini. Kisha chomoeni kijiti cha oili, mtazame uzito wake, na mwe kimya kwa nukta kumi za mwanzo injini inapowashwa, kwa maana katika nukta hizo ndipo mengi husikika. Msikubali redio iwashwe.

Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza sauti za giaboksi, klachi na magurudumu, ambazo wengine huzidhania kuwa za injini.